Machozi Si Ushahidi

Mama yake Vaidotas hakunikataa kwa sababu ya ukoo wangu, wala dini, wala urefu wangu unaowafanya wanaume wengi waniogope kwenye dansi. Alinikataa kwa sababu nalia.

Na ni kweli, nalia. Nalia timu yetu ya kikapu ikifungwa, na ikishinda nalia zaidi. Mimi ni mkunga katika hospitali ya uzazi hapa Kaunas, mwaka wa saba sasa, na kila mtoto ninayempokea nalia pamoja naye. Siku moja mzazi mmoja alinikazia macho katikati ya uchungu wake, akaniuliza, "Dada, kuna tatizo?" Nikamwambia, "Hakuna, sukuma." Akasukuma, akapata binti wa kilo tatu na nusu, na mimi nikaendelea kulia huku nafunga kitovu. Mikono yangu haijawahi kutetemeka hata siku moja.

Lakini mikono haikuangaliwa na mtu. Bi Leokadija, mama wa mwanamume ninayempenda, aliangalia macho yangu tu.

Bi Leokadija ana chama chake. Kila Jumapili ya kwanza na ya tatu, baada ya chakula cha mchana, watu sita hupanda ghorofa ya tatu nyumbani kwake, mtaa wa Žaliakalnis, kumsaidia kuwagawa binadamu katika aina kumi na sita. Kwa wenzake ni mchezo wa wastaafu. Kwake yeye ni kama misa. Mgeni hukalishwa kwenye kiti cha mbao kando ya piano, huulizwa maswali dakika arobaini, kisha hupelekwa jikoni asubiri. Huko sebuleni wanapiga kura. Akiitwa tena huambiwa yeye ni nani, anaendeshwa na Fikra au Hisia, na ukutani juu ya piano kuna jedwali kubwa alilolichora kwa mkono wake, linaloonyesha nani akae na nani. Visanduku vya kijani ni ndoa njema. Vyekundu ni maafa.

Wiki mbili kabla ya siku hii ninayoisimulia, nilikaa kwenye kile kiti. Swali la pili lilikuwa, "Baba yako alipofariki, ulifanya nini?" Nikafungua mdomo. Nikasema, "Baba alipofariki..." na machozi yakanitangulia. Nikaiona kalamu ya Bi Leokadija ikitembea. Alikuwa ameshaandika. Mimi mtu wa Hisia, mwanawe mtu wa Fikra, na mahali mistari yetu miwili inapokutana palikuwa pekundu kama nyanya.

"Sina chuki na wewe, Skirmantė," aliniambia siku ile, akinikabidhi koti langu. "Lakini mlangoni sitasimama."

Mama wa bwana harusi asiposimama mlangoni na mkate mweusi na chumvi kuwapokea maharusi, hiyo si harusi. Ni watu wawili tu waliorudi nyumbani wamevaa vizuri.

Basi nililia njia nzima. Nikalia siku tatu. Siku ya nne nikafuta uso, nikapiga simu kwa Mzee Zenonas, katibu wa chama, nikamwambia nadai haki yangu ya kupimwa upya, maana kanuni zao zinaruhusu. Kuna sentensi yangu nusu wameibakiza, nikamwambia. Nakuja kuimalizia.

Mama yangu hakufurahi. Jumapili ile alikuwa ametoka kanisani, anakatakata bitiruti za supu baridi, mikono myekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Unakwenda kupimwa tena? Hata ng'ombe sokoni hupimwa mara moja."

"Ng'ombe hakati rufaa, mama."

"Na akikukataa tena huyo bibi?"

"Hanikatai."

"Umejuaje?"

"Nimefikiria."

"Lo, mtoto huyu!" Akacheka peke yake. "Toka uko mdogo ndivyo ulivyo, unalia huku unahesabu. Ulipovunjika mkono ulipiga kelele mpaka majirani wakatoka na shoka. Lakini ni wewe huyo huyo uliyeniambia basi namba ngapi linafika hospitali." Akanimiminia supu kwenye chupa ya mdomo mpana, na maziwa ya mgando yakaigeuza yote kuwa ya waridi. "Shika, usiende mikono mitupu. Hivi, si yeye aliyemtuma mwanawe kwako na asali, ulipomzalisha mpwa wake?"

"Ndiye."

"Basi ni mshenga wenu huyo, atake asitake. Na mshenga mwongo tunamfanyaje?"

"Tunamnyonga," nikasema, nikacheka pamoja na makamasi.

Kwetu hakuna harusi isiyo na mshenga, na hakuna mshenga asiyeshtakiwa siku ya pili kwa uongo aliowadanganya wazazi. Hukumu ni kamba. Anayening'inizwa ni sanamu la majani makavu, na mshenga mwenyewe huokolewa na bibi harusi, anayemvisha taulo la kitani shingoni mbele ya watu wote.

"Lakini lazima kwanza aogope kidogo," mama akasema. "Usimwokoe upesi."

Vaidotas alikuwa ananisubiri chini ya ngazi za nyumba yao. Moyo wangu una tabia mbaya, ukimwona huyu bwana unaruka kabla sijauruhusu. Ni mpana, ana macho ya kijivu, na kwenye kucha zake huwa kuna udongo wa mipaka ya watu, kwa kuwa ni mpima ardhi. Maneno yake kwa siku unaweza kuyafunga kwenye leso. Wiki zote mbili alikuja kila jioni kwenye lango la hospitali na chupa ya chai ya maua, akanimiminia, akanisindikiza, akanyamaza. Na mimi, mjinga, niliamini kwamba anapiga hesabu kama anioe au asinioe.

Alinipokea chupa ya supu. Akanitazama vizuri, kwanza macho, kisha shingo, kisha mikono.

"Hukulala," akasema.

"Nililala."

"Umechana upande mmoja tu."

Nikashika nywele. Ilikuwa kweli. Hasira zikanipanda, kwa kuwa nilikuwa nimepanga kuingia kwa heshima.

"Vaidotas, wiki mbili hujaniambia neno. Unafikiria nini?"

"Sifikirii."

"Mtu hawezi kukaa wiki mbili bila kufikiria!"

"Mimi naweza."

"Basi nikuulize mimi. Wakinikataa tena huko juu, utafanya nini?"

"Nitakuoa."

"Na mama yako?"

Alihamisha chupa kutoka mkono huu kwenda ule. Nikamwona akitazama juu, kule mlango wao ulipo, na uso wake ukawa wa mtoto aliyesahauliwa shuleni.

"Nataka asimame mlangoni," akasema taratibu. "Nawataka nyote wawili. Nikimkosa mmoja, nitaishi, lakini nitakuwa naishi tu."

Nikaelewa palepale ninapigania nini. Kumpata Vaidotas nilikuwa nimeshampata. Lakini ningempata mume ambaye kila akiingia nyumbani, kwa miaka arobaini, angetazama kizingiti ambapo mama yake hakusimama. Mimi sitaki mume wa namna hiyo. Nilimtaka mzima.

"Haya, tangulia," nikamwambia. "Na usinisaidie."

"Sikusaidii," akasema. Lakini kwenye kona ya ngazi alisimama, akanichana kwa vidole vyake ule upande uliosahauliwa, polepole, mpaka sikio likaniwaka moto. Nikasahau kabisa sentensi yangu ya kwanza. Ilinibidi niitunge upya ghorofa ya pili.

Sebuleni walikuwa wote. Mzee Zenonas, daktari wa meno mstaafu mwenye masikio makubwa, alikuwa kwenye kiti cha katibu. Wengine watano walikuwa kwenye kochi na viti vya kuazima, mmoja wao akifuma soksi. Na Bi Leokadija, mgongo umenyooka, nywele zimebanwa, kalamu mkononi. Ni mwanamke mzuri bado. Niliwahi kumwambia hivyo, akaliandika na hilo.

"Karibu, Skirmantė," akasema. "Naona umekuja na supu. Watu wa Hisia hupenda kuhonga kwa chakula."

"Ni ya mama yangu, Bi Leokadija. Yeye hamjampima."

Kochi likacheka. Nikakaa kwenye kile kiti bila kukaribishwa.

"Wiki mbili zilizopita mliniuliza swali," nikaanza, "na mkaandika jibu kabla sijafika kwenye nukta. Naomba nimalizie."

"Malizia," akasema Mzee Zenonas.

"Baba alipofariki..." Na hapo, aibu gani hii, machozi yakaja tena, mazito, mpaka puani. Niliona kalamu ya Bi Leokadija ikiinuka. Nikanyoosha mkono kumzuia. "Subiri, mama, bado sijafika. Baba alipofariki, ilikuwa saa mbili asubuhi. Nililia hivi hivi. Na huku nalia nikapiga simu nne. Ya kwanza kwa kasisi, ya pili kwa mchongaji jeneza, ya tatu kwa dada yake baba aliyeko kijijini, kwa sababu basi lake huondoka saa nne na akilikosa hakuna jingine. Ya nne hospitali, kubadilishana zamu. Mama alitaka jeneza la mwaloni. Nikamwambia hapana, la msonobari, baba alikuwa seremala na mwaloni alikuwa akisema ni wa watu wanaojionyesha. Mpaka saa tano kila kitu kilikuwa tayari. Ndipo nikakaa chini. Hiyo ndiyo nukta yangu."

Aliyekuwa anafuma soksi aliacha kufuma.

"Na machozi?" Mzee Zenonas akauliza.

"Machozi yanakuja tu, mzee. Siyaulizi kitu, na yenyewe hayanishauri."

Mzee Zenonas akakuna sikio. "Mimi nimeng'oa meno miaka arobaini. Anayepiga kelele sana si lazima awe ndiye anayeumia zaidi. Leokadija, tumekosea hapa. Tumesahau somo la kwanza." Akanigeukia kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi, ingawa nadhani alikuwa anamsemesha mwenye nyumba. "Fikra na Hisia zote ni mahakimu, binti yangu. Fikra huuliza, hili ni kweli? Hisia huuliza, hili lina thamani gani? Kila mtu anao wote wawili, ila mmoja hukalia kiti, mwingine hushushwa chini ya sakafu. Hisia iliyokalia kiti haipigi kelele, imezoea kazi. Inayopiga kelele ni ile iliyofungiwa chini. Hiyo ikitoka huvunja vyombo."

"Orodha ya simu mtu yeyote anaweza kuitunga," akasema Bi Leokadija. Sauti ilikuwa kavu. "Nikuulize mimi. Kwa nini unampenda mwanangu?"

Nikafungua mkoba, nikatoa karatasi ya mistari ya miraba. Nilikuwa nimejiandaa. Sebule nzima ikainama kutazama.

"Zipo kumi na moja," nikasema, na sauti yangu ikaanza kukatika. "Moja. Hanikatizi ninapoongea, hata nikikosea. Mbili. Anawaamkia wafagizi wa hospitali kwa majina, na mimi nimefanya kazi pale miaka saba na nilikuwa najua mawili tu. Tatu..." Tone likaanguka kwenye namba tatu, wino ukatawanyika. "Tatu imefutika. Nne. Akiwa karibu napungukiwa na hofu, nimelipima hilo kwa mapigo ya moyo, zamu sita, akija na asipokuja..."

Wakaangua kicheko. Hata Vaidotas, aliyeegemea mlango, akaficha mdomo. Nikacheka na mimi, uso mzima maji.

"Mungu wangu," akasema Mzee Zenonas, anapangusa macho. "Mapigo ya moyo! Na mnasema huyu anaongozwa na Hisia?"

Bi Leokadija hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili.

"Vema," akasema. "Tuseme ni mtu wa Fikra. Basi watakuwa wawili wa Fikra nyumba moja. Hata hicho kisanduku si kijani. Vaidotas ni kama baba yake, nimelijua hilo toka ana miaka kumi na miwili. Nilikaa na kimya kile miaka kumi na tisa. Sitamwachia mwanamke mwingine kikamle."

Wote walijua habari ya yule bwana, mhandisi asiyesema, aliyeondoka asubuhi moja na sanduku dogo bila hata kugombana. Baada ya hapo ndipo Bi Leokadija akakutana na jedwali, na jedwali likamwambia kosa halikuwa lake. Nani asingelipenda jedwali la namna hiyo?

"Mama," akasema Vaidotas kutoka mlangoni. "Mimi hujanikalisha kwenye hicho kiti."

"Sina haja. Nakujua."

"Leokadija!" Mzee Zenonas akafunga daftari. "Ulituambia umempima kwa utaratibu. Kanuni ya kwanza ya chama hiki, uliiandika wewe: mtu hampimi ndugu yake."

Sikungoja kuambiwa ninyanyuke. Nilinyanyuka mwenyewe. Vaidotas akaja, akakaa kwenye kiti cha mbao, magoti yakagusa piano. Aliponipita aligusa kidole changu kidogo, basi, na mwili wangu wote ukapata habari.

"Swali moja tu," akasema Mzee Zenonas. "Wewe ni mpima ardhi. Kazi ya hesabu. Unaipendea nini?"

"Hesabu anafanya mtambo," akasema Vaidotas. "Mimi nakaa na majirani. Nikifika kwenye ugomvi wa mpaka, kwanza nakunywa chai kwa huyu, kisha kwa yule. Nasikiliza kinachowauma. Mara nyingi si ardhi."

"Na Skirmantė, unampendea nini?"

"Nampenda."

"Kwa sababu gani?"

"Hakuna sababu." Aliinua macho, akanitazama mbele ya watu wote, na hakuyaondoa. "Siku ile nilipopeleka asali, alikuwa anaufokea mzani wa watoto uliokuwa umeharibika, huku analia. Nikajua. Sijawahi kurudi kuangalia kama nilijua sawasawa."

Nikaikunja karatasi yangu ya sababu kumi na moja.

"Na kimya?" akauliza mama yake. Lilimtoka kwa shida. "Hicho kimya cha baba yako?"

Vaidotas akamgeukia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku ile nilisikia mshindo wenyewe, kwa sauti ya chini kabisa.

"Si cha baba, mama. Ni changu. Baba alipoondoka nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa ukisikia sahani ikigonga sahani, unashtuka. Ukiulizwa 'mama, unakula?' unakwenda kujifungia. Nikaona kila sauti inakukata. Nikaona nyumba hii inahitaji utulivu. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Nikakupa hicho."

Bi Leokadija akaishusha kalamu magotini.

"Kila siku nilikuwa nangoja uniambie kwamba inatosha," akasema. "Halafu ukaniandika kwenye daftari kwamba mimi ni mtu wa Fikra, na ulikuwa na furaha umenielewa. Nikaona nisikuharibie."

Bi Leokadija alisimama. Akaweka kalamu juu ya piano, sawasawa, sambamba na ukingo. Kisha mwanamke ambaye kwa miaka kumi na minane amewatuma watu jikoni wakasubiri kuambiwa wao ni nani, akatembea mwenyewe hadi jikoni, akarudisha mlango.

Vaidotas alitaka kumfuata. Nikamwekea mkono begani.

"Wewe umeshasema yako yote ya mwaka huu," nikamwambia. "Niachie mimi."

Nilimkuta amesimama mbele ya dirisha. Hakuwa analia. Sijui kama huwa analia. Nikafungua kabati, nikachukua bakuli mbili, nikamimina supu ya mama. Nikakuta viazi vya moto kwenye sufuria, nikaviweka kando kwenye sahani, kama inavyotakiwa. Nilikuwa bado napangusa pua kwa kiwiko.

"Kula," nikasema. "Viazi vikipoa havina maana."

"Miaka kumi na minane nimemsoma vibaya mtoto wangu," akasema bila kugeuka. "Mtu anayesoma wengine!"

"Ulimsoma kwa hofu."

"Na wewe nilikusoma kwa haraka."

"Mimi nilikuwa nalia. Wengi hukimbia kabla ya nukta."

Alikaa. Alichota kijiko kimoja, akachota cha pili. "Mama yako anatia majani mengi ya shibiti."

"Mwambie mwenyewe."

Hapo ukuta ukagongwa mara tatu kutoka sebuleni. Ndiyo ishara yao kura ikimalizika. Sauti ya Mzee Zenonas ikapenya mlango, imejaa furaha: "Leokadija! Tumewapanga upya wote wawili! Njoo uone wanakutana kwenye kisanduku gani! Ni k..."

"Mzee Zenonas!" nikapaza sauti. "Usiseme! Tafadhali sana, usiseme!"

Akanyamaza. Bi Leokadija alinitazama kana kwamba nimetupa mkate chini.

"Umeshinda, halafu hutaki kusikia?"

"Sitaki. Sikiliza, mama, nimelifikiria hili siku kumi na nne. Jedwali likinipa leo, linaweza kuninyang'anya kesho. Mwaka ujao mtapata kanuni mpya, au mtu atakumbuka swali lililosahauliwa, na mimi nitakuwa na mtoto mkononi nangoja jikoni kuambiwa kama nabaki. Nililikataa lilipokuwa jekundu. Siwezi kulikubali kwa sababu tu limekuwa kijani. Hiyo si akili."

"Basi nitajuaje?" Aliuliza kama mtu anayeuliza kweli. Kijiko kilikuwa hewani. "Nitajuaje kwamba hamtakaa kimya miaka kumi na tisa?"

"Hutajua. Mama yangu naye hajui. Atasimama mlangoni na mkate wake hivyo hivyo, bila kujua chochote."

Akatazama bakuli. Nilimwona ana umri wake wote. Nilitamani kumwambia maneno mazuri lakini sikuwa nayo, maneno mazuri si fani yangu, kwa hiyo nikamsogezea chumvi. Aliitazama ile chumvi. Akaielewa kabla yangu. Akachukua punje chache kwa vidole viwili, akazitia juu ya kiazi, akakata kipande cha mkate mweusi uliokuwa mezani, akanisukumia upande wangu wa meza.

Nikakaa, nikala. Machozi yalikuwa yanateremka mpaka kidevuni, na mkate ulikuwa mtamu.

"Mlangoni nitasimama," akasema. "Viatu vyangu vizuri vinabana, lakini nitasimama."

"Hiyo haitoshi."

"Haitoshi?"

"Wewe ndiye uliyemtuma Vaidotas kwangu na asali. Mama yangu amekwisha amua, mshenga ni wewe."

Alifungua mdomo, akaufunga. Akahesabu aliyoyasema: kwamba mimi ni Hisia, kwamba mwanawe ni Fikra, kwamba sisi ni maafa. Hakuna lililokuwa kweli hata moja. Niliona mabega yake yanaanza kutikisika, nikaogopa, nikadhani sasa analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na sebuleni kote wakanyamaza kusikiliza, na mlango ukafunguka kidogo, na Vaidotas akasimama pale akimtazama mama yake anavyopiga kelele nyumbani mwake.

"Watanining'iniza!" akasema Bi Leokadija, akihema. "Mbele ya ukoo mzima! Kwa uongo wa maandishi, na daftari litaletwa kama ushahidi!"

"Litaletwa," nikasema.

Akajifuta macho kwa kitambaa cha sahani. Kisha akanishika mkono, ule wenye mkate, akaukaza.

"Anayemwokoa mshenga ni bibi harusi. Utaniokoa, Skirmantė?"

Nilikuwa nalia kiasi kwamba sikumwona vizuri. Vaidotas alikuja nyuma yangu, akaweka kidevu juu ya kichwa changu, na yeye pia akawa anangoja jibu.

"Nitafikiria, mama," nikamwambia.